Flashi Kutoka Awasi

Mathews Waliaula alikuwa Mbukusu aliyeandika maisha ya Wajaluo waliokufa. Kazi hiyo aliifanyia sebuleni kwake Kondele, mtaa wa Kisumu, katika nyumba ya kupanga iliyo nyuma ya maduka ya vipuri, na kila aliyepatwa na msiba mtaani alijua njia ya kufika pale. Familia ilikuja na picha, majina na tarehe. Ilitoka na kijitabu cha mazishi chenye wasifu wa marehemu, kwa Kiingereza upande mmoja na kwa Dholuo upande wa pili. Vijana wa steji ya bodaboda walimwita Waliaula wa Marehemu. Jina hilo halikumchukiza. Alisema wapo watu Kisumu wanaoitwa majina mabaya zaidi kwa kazi zisizofikia usafi wa kazi yake.

Alifika mjini kutoka Bungoma akiwa kijana, akaajiriwa kupiga chapa katika afisi ya wakili, na afisi ilipofungwa akabaki na wepesi wa vidole na mke. Mke huyo, Emmaculate, alikuwa binti wa Awasi, mji wa soko ulio kwenye barabara ya kwenda Kericho, na ndiye aliyeifanya kazi ya wasifu iwezekane. Waliaula aliandika Dholuo kwa usahihi wa mtu aliyejifunza ukubwani, lakini wengi waliopaswa kuidhinisha maandishi, hasa akina nyanya, hawakujua kusoma. Kwa hiyo wawili hao walibuni utaratibu wao. Rasimu ilipokamilika, Emmaculate aliisoma kwa sauti, kompyuta ikarekodi, kisha familia ikaitwa ikae sebuleni isikilize. Hapo ndipo makosa yaliposahihishwa: mke wa pili aliyesahauliwa, mtoto aliyefia utotoni, babu aliyetajwa kwa jina la ukoo usio wake. Mara nyingine familia iliomba jambo la kweli liondolewe, nalo likaondolewa. Kijitabu kilichapishwa na kugawiwa makaburini. Rekodi ilibaki ndani ya kompyuta, na hakuna aliyeiulizia tena.

Emmaculate aliugua figo, akafa, akazikwa Bungoma nyumbani kwa mumewe kama desturi inavyotaka. Hawakujaliwa mtoto. Simu yake ilikuwa imekwisha kuharibika wakati wa ugonjwa, na picha zilizobaki zilikuwa za harusi za watu wengine, yeye akiwa mstari wa nyuma. Siku moja baada ya matanga, Waliaula alifungua kompyuta kutafuta kazi ya mteja, akabonyeza rekodi ya zamani bila kukusudia. Sauti ya mkewe ikajaa sebule ikisoma maisha ya mvuvi mmoja wa Dunga aliyekufa kwa uzee.

Tangu hapo alikunywa chai ya asubuhi akiisikiliza. Hapakuwa na rekodi hata moja ya Emmaculate akisema mambo yake mwenyewe. Zote zilikuwa za maisha ya wengine: walimu, wachuuzi, mashemasi, mama mmoja aliyesifiwa kwa kupika uji wa kanisa. Lakini pumzi kati ya sentensi ilikuwa yake, na kikohozi kile kidogo kabla ya kutaja idadi ya wajukuu kilikuwa chake. Jirani yao Nabwire, mwanamke wa Busia aliyenunua samaki Dunga na kuwakaanga pale Kondele, aliisikia sauti hiyo kupitia ukutani. Kwa maelezo yake mwenyewe, siku ya kwanza alidhani mzee ameleta mwanamke mwingine kabla udongo wa kaburi haujakauka, akajiandaa kwenda kumtukana. Alipoufikia mlango akaitambua sauti, akarudi kwake, akaacha samaki waungue.

Shida ilianzia kwenye flashi. Picha za marehemu zilifika kwa vijiti hivyo vidogo vilivyopita katika kila saiba, yaani duka la intaneti, la Kisumu, na Waliaula alivichomeka vyote, kwa kuwa ndivyo kazi ilivyofanyika. Asubuhi moja mafaili yake yote yaligeuka kuwa alama za njia za mkato zisizokwenda popote. Folda aliyoiita jina la mkewe ilionekana tupu. Wateja walipigwa na butwaa kupokea barua pepe zenye jina lake, zikiwahimiza wafungue viambatisho ambavyo yeye hakuvijua. Waliomwona siku hiyo wanakubaliana juu ya jambo moja: hakuulizia kazi za wateja. Aliulizia folda moja tu.

Fundi aliyeitwa ni Tom, kijana mpole mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta njiapanda ya Kondele. Tom aliitenga mashine na mtandao, akaisafisha, akauweka upya mfumo wote, na alipomaliza akafungua folda ile. Mafaili hayakuwa yamefutwa, yalikuwa yamefichwa tu. Alibonyeza mojawapo ili kuhakikisha, na Emmaculate akasoma. Waliaula aliketi chini sakafuni.

Tom hakumwachia afurahi. Alimweleza kwamba kumwondoa mdudu aliyeletwa na flashi ni nusu ya kazi, kwa kuwa mlango alioingilia bado uko pale pale, na anayeujua anaweza kurudi na wenzake. Siku iliyofuata walipitia mambo yote pamoja. Maneno ya siri ya zamani yalihesabiwa kuwa yameibwa, hivyo yakabadilishwa yote kutoka kwenye kompyuta ya Tom iliyo safi, na barua pepe ikafungwa kwa namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi, hata kwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, ya Waliaula. Programu ya kuchora vijitabu aliyonakiliwa na rafiki bila leseni iliondolewa. Masasisho ya programu yaliachwa yajipakue yenyewe. Mashine iligawanywa akaunti mbili: ndogo ya kazi za kila siku, isiyo na mamlaka ya kusakinisha kitu, na kuu yenye neno lake la siri, la kutumiwa kwa nadra, kwa jambo aliloliamini kabisa. Ikanunuliwa diski ya nje. Kwa kuwa kompyuta ilikuwa na nafasi ndogo, rekodi za miaka ya mwanzo zilihamishiwa humo, na zile za baadaye zikanakiliwa ziwe pande zote mbili. Diski iliwekwa kabatini, na sharti lake lilikuwa jepesi kulieleza: isiunganishwe ila mashine ikiwa imekaguliwa na haina kitu kingine kigeni.

Tom alipendekeza pia nakala ya tatu ihifadhiwe mtandaoni. Hapo Waliaula alikataa. Rasimu zile, alieleza, zilikuwa na mambo ambayo familia ziliomba yaondolewe: watoto wa nje, magonjwa, ugomvi wa mashamba. Watu walimwamini kwa sababu mambo hayo hayakutoka sebuleni kwake. Hangeweza kuyapeleka kwenye mashine za watu asiowajua, hata kwa funguo elfu. Tom alimsihi bila kufaulu. Sharti la mwisho lilikuwa flashi. Hata moja isiingie tena.

Mtu ambaye hajaketi na waombolezaji huenda asielewe ugumu wa sharti hilo. Kando ya ziwa, kinacholetwa kutoka nyumba yenye kilio hupokelewa kwa mikono miwili. Hakikaguliwi, hakifutwi vumbi mbele ya aliyekileta, hakiulizwi kimetoka wapi. Kukikataa ni kusema kwamba kifo cha watu hao kina uchafu utakaokugusa. Waliaula alilijua hilo kuliko wengi, maana alikuwa ameandika misiba ya watu hao miaka mingi. Hata hivyo alilishika sharti, kwa sababu ya folda moja.

Wa kwanza kuumizwa nalo alikuwa Odongo, mwenye mashua ya Dunga aliyefiwa na baba. Alikuja na ndugu wawili, akatoa flashi mfukoni, akanyoosha mkono. Waliaula hakuipokea. Kwa sauti ya chini alimwomba aipeleke saiba ya jirani ili picha zitumwe kwa barua pepe.

"Kwani hii iko na shida gani, Mzee?" Odongo aliuliza.

"Inaweza kuwa na mdudu wa kuharibu kompyuta."

Odongo aliwageukia ndugu zake. "Mmesikia? Flashi ya baba iko na mdudu. Na sisi tumeingia na viatu vya matanga. Tutoke pia, ama hivi viatu ni sawa?"

Ndugu mmoja alicheka kidogo. Waliaula alieleza tena, akataja hata yaliyompata, lakini kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kusikika kama mtu anayewaambia watu wakanawe.

"Huko kwenu Bungoma," Odongo alisema akiwa tayari mlangoni, "mtu akileta kilio, mnamwambia azunguke saiba kwanza? Sawa, Mzee. Kaa na kompyuta yako."

Maneno hayo yalifika kila mahali. Ilisemekana Waliaula wa Marehemu siku hizi anaogopa marehemu. Ilisemekana pia kwamba tangu amzike mkewe amekuwa Mbukusu upya. Wateja walipungua, kisha wakawa wale tu wasiojua pa kwenda kwingine. Nabwire alimshauri awe anazipokea flashi kwa heshima, aziweke mezani, kisha azipeleke kwa Tom zikaguliwe wenyewe wakishaondoka. Lilikuwa wazo jema na alilitumia, lakini liliwafaa wachache. Waombolezaji wa kweli hawaondoki. Hutaka kuuona uso wa mtu wao ukitokea kwenye kioo cha kompyuta, hapo hapo, wakiwa wamekaa.

Alivumilia. Asubuhi alikagua mashine, akaangalia kama masasisho yameingia, akasikiliza rekodi moja, akaenda kukaa kibarazani. Hakuwa na furaha, na hakudai kuwa nayo. Alisema tu kwamba amelinda kilichobaki. Hata hilo alilisema kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni nje.

Ndipo Oketch, kaka yake Emmaculate, akafa ajalini karibu na Ahero. Alikuwa mtoto wa pekee aliyemsalia mama yake, Seline. Mwanamke huyo alikuwa amemzika mumewe, akampeleka bintiye kuzikwa ugenini, na sasa alikuwa anamzika mwana. Hakutuma mtu Kondele. Alikuja mwenyewe kutoka Awasi, akiwa na flashi ndani ya kitambaa alichokifunga kwenye ncha ya leso.

Mkwe na mama mkwe wana mipaka yao. Wajaluo huishika, na Wabukusu huishika kwa ukali zaidi: hawapeani mkono, hawali meza moja, mkwe hamtazami mama wa mkewe usoni, na jambo zito hupitia kwa mtu wa tatu. Kwa hiyo Waliaula alimwita Nabwire. Nabwire alileta kiti kutoka kwake, akakiweka karibu na mlango, na Seline akaketi hapo akiwa ameelekea barabarani.

"Mwambie mkwe wangu nimemletea picha ya shemeji yake," alimwambia Nabwire, ingawa Waliaula alikuwa hatua chache kutoka pale. "Iko humu. Imezunguka na kamati yote ya mazishi, mpaka kwaya, kila mtu ameongeza picha. Sasa nataka nione ile atachagua."

Waliaula aliyasikia maneno hayo, na baadaye aliyarudia kwa Tom bila kuongeza wala kupunguza. Imezunguka na kamati yote. Alijua maana yake. Lakini angesema nini? Asingeweza kumhoji mama huyo flashi imepita wapi. Asingeweza kumwambia aende saiba na leso yake ya kilio. Asingeweza kumwomba asubiri ipelekwe kwa fundi kama kitu kinachonuka. Nabwire aliifungua leso, akaitoa flashi, akamkabidhi. Waliaula aliipokea kwa mikono miwili, akaichomeka.

Programu ya kinga ilifanya kazi yake. Hilo lazima lielezwe, maana watu wengi walisema baadaye kwamba kompyuta yake haikulindwa. Kwenye flashi kulikuwa na faili lenye jina la Oketch na alama ya picha. Alipolibonyeza, onyo jekundu lilitokea, faili likazuiwa, na kioo kikabaki kitupu. Alilibonyeza tena, likazuiwa tena.

"Mbona uso wa mtoto wangu hauonekani?" Seline alimwuliza Nabwire.

"Inakawia, Mama," Waliaula alijibu mwenyewe.

"Ama imekataa?"

Nabwire anakumbuka kwamba mama huyo alikigeuza kichwa kidogo kutoka barabarani, na kwamba mikono yake iliikunja leso na kuikunjua. Waliaula alikuwa amekiona kitendo hicho kwa wajane na mayatima wengi, katika kiti kama hicho. Aliiambia mashine iruhusu. Mashine ikamwomba neno la siri la akaunti kuu, lile la kutumiwa kwa jambo aliloliamini kabisa. Angemwamini nani zaidi ya mama wa mkewe? Aliliandika herufi kwa herufi.

Kioo kilipepesa, na picha haikutokea. Lakini chini yake, ndani ya folda nyingine, aliziona picha za kweli, akafungua ya kwanza, na Oketch akawa hapo, amesimama kando ya ng'ombe, akitabasamu. Seline alisimama. Alikuja hadi karibu na meza, mahali ambapo hakupaswa kufika, akatazama kwa muda mrefu. Kila kitu kilionekana kuwa salama. Waliaula aliichomoa flashi, akaihesabu tahadhari hiyo kuwa imetosha.

Nabwire ndiye aliyelianzisha lililofuata, naye hulisimulia kwa uchungu. Alisema kwamba Oketch amefanana mno na dadake, kisha akaongeza, "Na unajua, Mama, sauti yake bado iko hapa? Mimi huisikia kwa ukuta kila asubuhi."

"Sauti ya nani?"

"Ya Emmaculate."

Seline hakulia. Aliuliza kupitia kwa Nabwire kama ile ya mumewe bado ipo, kwa kuwa alikumbuka kuketi katika chumba hicho hicho, miaka mingi nyuma, akimsikiliza bintiye akisoma wasifu wa babake. Ilikuwepo. Ilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo, ndani ya diski iliyokuwa kabatini.

Waliaula aliikumbuka sheria ya diski. Aliieleza nafsi yake kwamba flashi imekwisha kuondolewa, kwamba picha zimefunguka, kwamba ni rekodi moja tu. Akaitoa diski, akaiunganisha.

Walisikiliza wote watatu. Emmaculate alikuwa kijana katika rekodi hiyo, na alisoma polepole, akijizuia. Alimtaja babake, shule aliyosoma, ng'ombe aliowapenda, kanisa alilolijenga. Alipofika mwisho alisema kwamba marehemu ameacha mjane, Seline, na watoto wawili, Oketch na Emmaculate. Kwenye jina lake mwenyewe sauti iliyumba ikawa karibu kicheko, kama mtu aliyejiona ghafla katika picha ya wengine. Kisha ikanyamaza.

Seline alimwambia Nabwire kwamba siku atakaporudi kuchukua vijitabu angependa achukue na hiyo. Mjukuu mmoja wa ukoo ana simu nzuri, ataiweka humo. "Kaburi lake liko mbali," alisema. "Mtoto hakuacha. Hii nitakaa nayo." Waliaula alikubali. Alifanya kazi alasiri yote akipanga picha za shemeji yake, diski ikiwa bado imeunganishwa, kwa sababu alikuwa ameirudia rekodi ile na hakutaka kuikatiza.

Wakati wote huo, sauti ikisoma, programu aliyoiruhusu, ile iliyojificha ndani ya faili lenye jina la Oketch, ilikuwa ikipita faili kwa faili nyuma ya kioo, ikifunga.

Asubuhi hakuna kilichofunguka. Kila faili lilikuwa limeongezewa mkia wa herufi zisizo na maana, katika kompyuta na katika diski vilevile, na kwenye kioo palikuwa na waraka wa Kiingereza ukimweleza kwa adabu kwamba mafaili yake yamefungwa na kwamba funguo ziko kwa waandishi wake. Walidai walipwe kwa sarafu ya mtandaoni isiyojulikana na yeyote Kondele. Tom alikuja mbio, akachomoa nyaya zote, akakaa na mashine hiyo kibandani siku kadhaa. Aliwauliza mafundi wenzake wa Nairobi. Jibu lilikuwa moja. Mara ya kwanza mafaili yalikuwa yamefichwa. Safari hii yalikuwa yamegeuzwa, na aliye na ufunguo ni mwizi peke yake, ambaye hata akilipwa halazimiki kuutoa. Alimshauri aitunze diski kama ilivyo, maana kuna aina za kufuli ambazo wataalamu huzivunja baada ya muda. Aina hiyo haijavunjwa.

"Nani aliiruhusu?" Tom aliuliza, maana kumbukumbu za mashine zilionyesha kwamba neno la siri la akaunti kuu lilitumika.

"Mimi," Waliaula alisema.

Tom hakumlaumu. Alisema baadaye kwamba angekuwa na la kumlaumu kama mzee angekuwa amesahau mojawapo ya mafunzo. Hakuwa amesahau lolote.

Kijitabu cha Oketch kilimalizwa katika saiba, kwa picha zilizosalia ndani ya flashi baada ya Tom kuisafisha. Waliaula aliandika Dholuo yake peke yake, na hapakuwa na mtu wa kumsomea. Nabwire, aliyekuwa ameelezwa na Tom yaliyotokea, alimwuliza atamwambia nini mama. Alimjibu kwamba hajui. Alimwonya jambo moja tu: flashi isitajwe.

Seline alirudi akiwa na mpwa wa kumbebea mizigo, akamwacha nje. Aliketi kwenye kiti kile kile cha Nabwire. Vijitabu vilifungwa vizuri, akavipekua, akaridhika na picha. Kisha akasubiri. Waliaula alisimama karibu na meza iliyobaki na alama ya vumbi mahali kompyuta ilipokuwa.

"Mwambie mkwe wangu nimekuja na ile nyingine," alimwambia Nabwire.

"Haipo, Mama," Waliaula alisema.

"Haipo namna gani?"

"Imeharibika."

Seline alikigeuza kiti. Nabwire anasema hakuwahi kuona jambo kama hilo: mama mkwe akimwelekea mkwewe uso kwa uso, na kumsemesha bila mtu wa kati.

"Niliisikia na masikio yangu. Juzi. Ilikuwa nzima. Sasa imeharibika ikiwa kwa nani?"

"Kwangu."

"Kila asubuhi unasikiliza. Huyu jirani yako amesema. Siku nimekuja kuomba, imeharibika."

Nabwire alifungua kinywa. Waliaula alimtazama, na akakifunga. Katika mtazamo huo, Nabwire anasema, alielewa kila kitu: kwamba mwanamke aliyekuwa anazika mtoto wa mwisho aliyemsalia hangeambiwa ya kwamba mkono wake mwenyewe, kwa kitambaa cha leso yake, ndio uliomleta aliyeinyamazisha sauti ya binti yake. Kwamba mzee alikuwa ameshaamua, pengine tangu asubuhi ile, na kwamba kilichobaki kilikuwa kulisema.

"Basi sema hutaki kunipa," Seline alisema. "Sema tu. Mimi ni mama yake, nitavumilia."

Waliaula aliinamisha macho, kama mkwe anavyotakiwa.

"Sitaki kukupa, Mama."

Seline alitikisa kichwa polepole, akikubaliana na jambo alilokuwa amelishuku siku nyingi. "Kaburi uko nalo wewe," alisema. "Na sauti pia uko nayo wewe. Sawa. Kaa nazo." Alimwita mpwa, wakavibeba vijitabu, wakaondoka kuelekea barabara kuu.

Waliaula alikwenda kwenye mazishi Awasi, akakaa nyuma ya hema pamoja na wageni. Wasifu wa Oketch ulisomwa na mchungaji. Hakuna wa ukoo aliyempelekea chakula, na hakushangaa. Tangu siku hiyo Awasi hajaitwa, wala hajakwenda. Kazi ya vijitabu ameiacha. Huwasaidia watu kujaza maombi ya vitambulisho, kwa kalamu, kwenye kibaraza cha posta.

Nabwire humpelekea samaki mara kwa mara. Amemwomba zaidi ya mara moja amruhusu aende kumweleza mama yule ukweli, sasa kilio kimepoa. Waliaula hukataa, kwa maneno yale yale, bila hasira. Anasema ni afadhali mama awe na mtu wa kumchukia. Kuta za nyumba zile ni nyembamba, na asubuhi Nabwire hujikuta akisimama na sufuria mkononi, akisikiliza. Upande wa pili husikika kijiko kikikoroga chai, na hakuna kingine.